Nilikwenda Hollywood kuitafuta meza ya Hattie McDaniel

Ukipanda treni ya chini ya ardhi ya Los Angeles ukashuka kituo cha Hollywood/Highland, ngazi za umeme zinakutoa karibu kabisa na mlango wa Ukumbi wa Dolby. Hapa ndipo Tuzo za Oscar zimekuwa zikitolewa karibu kila mwaka tangu 2002. Siku yenyewe ya sherehe kituo hufungwa, treni hupita bila kusimama, na barabara huwa imezibwa siku kadhaa kabla ili zulia litandikwe. Nilichagua kwenda wakati hakuna sherehe, nitembee nitakavyo.

Ukumbi umo ndani ya jengo la maduka. Nguzo za njia ya kuingilia zimeandikwa mwaka na filamu bora ya mwaka huo, na zimebaki nafasi tupu kwa ajili ya miaka ijayo. Mtalii mmoja alikuwa akipapasa maandishi kwa kidole, akimsomea mtoto wake mwaka baada ya mwaka.

Ndani, nilichokitazama zaidi ni viti. Vipo takriban 3,400, na katikati yake imetengwa sehemu ya mafundi wa kamera na sauti, kwa kuwa tangu mwanzo ukumbi ulichorwa kwa ajili ya runinga. Usiku wa tuzo kuna watu ambao kazi yao ni kujaza viti. Nyota akiinuka kwenda msalani, mmoja wao anakimbilia kukaa pale, kamera isije ikaonyesha pengo. Kwenye sherehe hii kila kiti kina maana, na aliyekikalia naye ana maana.

Ndiyo maana nilisafiri. Usiku wa tarehe 2 Machi 2014 nilimwona Lupita Nyong'o akiitwa jina, akipanda jukwaa la ukumbi huu kupokea tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, na kusema kwamba popote utokapo, ndoto zako ni halali. Nilifurahi kama niliyeshinda mimi. Baadaye nikasoma habari za Hattie McDaniel, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda kipengele hichohicho, na alikokalishwa usiku wake. Tangu hapo nikataka kupaona.

Basi nikaanza na chimbuko la tuzo hizi. Ng'ambo ya barabara, mwendo wa dakika chache, ipo Hoteli ya Roosevelt. Tarehe 16 Mei 1929 watu wapatao 270 walikula chakula cha jioni hapo, tiketi dola 5, na tuzo zikagawiwa kwa muda wa kama robo saa. Washindi walikuwa wametangazwa miezi mitatu kabla. Hakukuwa na redio wala bahasha ya kufunguliwa.

Nikarudi kwenye treni hadi kituo kinachofuata, Hollywood/Vine. Ukitoka nje unatazamana na ukumbi wa Pantages. Kutoka humo, tarehe 19 Machi 1953, Marekani ilitazama sherehe hii kwenye runinga kwa mara ya kwanza, Bob Hope akiwa mshereheshaji. Karibu na hapo, kwenye njia ya miguu ya Vine Street, ambako majina ya wasanii huandikwa ndani ya nyota, ipo moja ya nyota mbili za McDaniel. Niliinama kuisoma. Watu walikuwa wakiikanyaga na kupita, kama wanavyozikanyaga nyingine zote. McDaniel alifariki Oktoba 1952, hivyo miezi mitano tu ilimtenganisha na usiku ule wa kwanza wa runinga.

Treni hiyohiyo ilinifikisha Wilshire/Vermont, nikamalizia kwa miguu. Hapa palikuwa na Hoteli ya Ambassador, na ukumbi wake wa Cocoanut Grove. Tarehe 29 Februari 1940 McDaniel aliingia humo kwa kibali maalumu kilichoombwa na mtayarishaji wa filamu yake, maana hoteli haikuwa ikipokea watu weusi. Wenzake walioigiza naye Gone with the Wind walikaa pamoja. Yeye aliwekewa meza ndogo kando ya ukuta, na msindikizaji wake na wakala wake. Jina lilipotajwa, ilimbidi atoke huko ukutani, apite katikati ya meza zote. Akasema anatumaini atakuwa fahari kwa watu wa rangi yake na kwa tasnia ya filamu. Kila ninapoufikiria mwendo ule kati ya meza, hasira hunipanda, na heshima yangu kwake huongezeka. Miaka 51 ilipita kabla mwanamke mwingine mweusi, Whoopi Goldberg, kupata Oscar ya uigizaji.

Hoteli ilibomolewa miaka ya 2005 na 2006. Leo ni shule zenye jina la mwanasiasa Robert F. Kennedy, aliyepigwa risasi hotelini humo mwaka 1968. Sikuingia, ni shule, na wanafunzi walikuwa ndio kwanza wanatoka, mikoba mgongoni, wengi wao watoto wa wahamiaji wa mtaa huo. Nilisimama upande wa pili wa barabara mpaka wakapungua, nikijaribu kukisia ukuta ule ulikuwa wapi.

Tuzo yenyewe haikuwa sanamu. Enzi hizo waigizaji wasaidizi walipewa kibao. McDaniel alikiacha kwa Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, kikapotea huko, na mwaka 2023 Academy, taasisi inayotoa Oscar, ikakikabidhi chuo kibao kingine badala yake. Sasa nakusanya nauli ya Washington.