Siku Moja Chini ya Dashibodi

Saa 1 asubuhi mwezi Julai, mji wa Njombe huwa umefunikwa na ukungu, na dereva ambaye hita yake haipulizi huendesha huku akifuta kioo cha mbele kwa kiganja. Wengi hudhani fundi umeme wa magari huunga waya tu, ilhali mimi hushinda nimelala chali chini ya dashibodi, miguu ikining'inia nje ya mlango.

Kufikia saa 3 nilikuwa nimebadilisha fyuzi mbili na taa ya breki.

Saa 3:30 alifika mzee mmoja na Corolla ya mwaka 1996, akidai kwamba beringi ya tairi inalia. Nilimwomba azime injini, awashe swichi na kupandisha feni kutoka namba 1 hadi 4. Mlio ulipanda pamoja na feni hali gari limesimama, nami nikaiona habari ya tairi imekwisha, ingawa mzee hakukubali.

Nyuma ya boksi la dashibodi nilifungua skrubu 3, mota ya feni ikashuka imejaa majani makavu ya miwati yaliyogandamana kwa mafuta ya kula, ambayo mzee alikiri kuyamimina mwenyewe kupitia matundu yaliyo chini ya waipa. Magari mengi ya umri huo hayana chujio la hewa ya ndani.

Wakati nikiisafisha feni, mzee, kwa nia ya kunisaidia, alibandua kibanio kidogo cha chuma na kukitupa kwenye kokoto akidhani ni taka, kumbe ndicho kinachosawazisha mzunguko, na bila hicho feni hutetemeka na kuila bushi, ile pete inayoshikilia mhimili wa mota. Nilikokota sumaku ya spika mbovu kwenye kokoto, nikaokota misumari, nati na vizibo vya soda, huku mzee akiuliza kwa nini nisikate kipande chochote cha bati. “Mzee wangu, vumilia kidogo,” nilimjibu, sijui mara ya ngapi. Jua lilikuwa limeshapanda kibanio kilipopatikana. Bahati nzuri, alama ya mahali kilipokuwa ilikuwa bado kwenye ubapa wa feni.

Nilidondoshea bushi mafuta ya cherehani, nikapiga msasa laini mahali kaboni za kupeleka umeme zinaposugua, nikarudisha mota. Ilizunguka kimya. Mzee aliomba punguzo kwa kuwa yalikuwa majani tu, akalipata, akaondoka.

Jioni, mgongo ukiniuma, nilimwona amerudi. Feni imenyamaza kabisa, alisema, na sasa anaisikia vizuri zaidi ile beringi. Nilipanda naye hadi barabarani. Tairi ya nyuma ilikuwa inalia kweli.