Mstari wa tarehe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Mhubiri 5:4-5: ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa, na ni afadhali usiweke kuliko kuweka usiiondoe.

Jumamosi tuliwapeleka vijana wa kipaimara Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini. Fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani nao wakachukua kichwa chake, limo ndani ya kioo, dogo kuliko walivyotarajia. Binti mmoja akauliza lilirudije. Nikamweleza kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi 6. Likarudi 1954. Wakaangua kicheko. "Mwalimu, hiyo miezi mirefu!"

Kwenye daladala nikawa nawaza mkataba mwingine, ule wa 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Tusio nazo tuliahidi kutotengeneza, na tukakubali kukaguliwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililoko Vienna. Wenye nazo waliahidi, ibara ya 6, kujadiliana kwa nia njema mpaka waachane nazo. Mkataba ulianza kazi 1970. Kuhusu kuachana nazo, ibara haitaji tarehe. Hata fuvu lilipewa miezi 6!

Tusiwaonee. Katikati ya miaka ya 1980 vichwa vya nyuklia vilifika kama 70,000. Sasa ni 12,000 na ushee. Ni kazi kubwa, ingawa vilivyobaki vinatosha kutumaliza sote, pamoja na mahindi yetu shambani. Na Afrika Kusini, iliyokuwa na mabomu 6, iliyafumua yenyewe, ikajiunga na mkataba 1991, dunia ikaja kuambiwa 1993 kazi ikiwa imekwisha. Huyo ndiye aliyeondoa nadhiri kabla hata ya kuitangaza. Waliochoka kusubiri wakaandika mkataba wa 2017 wa kuzipiga marufuku kabisa. Tanzania ikasaini 2019. Kati ya wenye silaha, hajasaini hata mmoja.

Nilikusudia niishie hapo, niwe nimewasema wakubwa, tuimbe, tutawanyike. Lakini nilipofungua Biblia kutafuta mstari huu, ikadondoka bahasha yangu ya ahadi ya ujenzi. Mwandiko ni wangu: saruji mifuko 10. Nimetoa 3. Mhazini wetu ni mpole, tangu Pasaka hajaniuliza. Tukikutana ananiambia tu "kamwene" na kupita, nami naitikia huku nikitazama viatu. Chini ya bahasha pana sehemu imeandikwa "nitakamilisha tarehe", ikifuatiwa na nukta nukta. Sikuandika kitu. Wala sikusahau, wapendwa. Niliiacha wazi nikijua ninachofanya.

Jana jioni nimeijaza: 30 Novemba. Nimeipeleka darasani, yule binti akaisoma kwa sauti, kisha akauliza, "Mwaka gani, mwalimu?"