Nilivyojifunza kuendesha pikipiki na kupata leseni ya daraja A

Mkulima anayepiga simu alfajiri kusema kwamba mahindi yake yameingiliwa na viwavijeshi vamizi hawezi kusubiri hadi afisa ugani apate usafiri keshokutwa, kwa sababu kiwavi huyo akishazama ndani ya moyo wa mmea, dawa haimfikii tena ipasavyo. Vijiji ninavyovihudumia wilayani Mvomero, mkoani Morogoro, vimetawanyika. Kimoja kiko karibu na lami, vingine viko ndani, ambako daladala haifiki na ambako nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ingemaliza mshahara kabla ya mwezi kufika katikati. Mwaka 2022, Serikali ilipoanza kugawa pikipiki kwa maelfu ya maafisa ugani nchini, tulishukuru wengi, lakini wanawake kadhaa katika kada yetu tulikuwa hatujawahi kushika usukani wa pikipiki. Ninaandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote mwingine ambaye kazi inamtaka aendeshe na ambaye anaambiwa kila siku kwamba pikipiki ni kitu cha kujifunza jioni moja kwenye uwanja wa mpira.

Ni kweli kwamba vijana wengi wa mitaani kwetu wamejifunza hivyo. Rafiki anakuazima pikipiki yake, anakuonyesha gia iko wapi na klachi iko wapi, unazunguka uwanja mara kadhaa, na wiki inayofuata umeshaanza kubeba abiria. Siwadharau vijana hao, maana wengi wao wana wepesi ambao mimi sina. Hata hivyo, nilipowatazama kwa makini niliona kwamba walichofundishana ni namna ya kuifanya pikipiki iende, na kwamba namna ya kuisimamisha, kuigeuza mahali pembamba na kuitawala ikiwa polepole kila mmoja aliachiwa aigundue mwenyewe, barabarani, abiria akiwa nyuma. Kwa sababu hiyo niliamua kujiandikisha katika chuo cha udereva, nikapata leseni ya kujifunzia, nikafunga kibao chenye herufi L na kuanza mwanzo kabisa.

Somo la kwanza lilifanyika injini ikiwa imezimwa. Mwalimu alinitaka niisukume pikipiki kuzunguka kiwanja, niipandishe kwenye stendi ya kati na kuishusha, niiinamishe kidogo upande mmoja na kuisikia inavyoanza kuwa nzito, kisha niirudishe wima. Nilielewa baadaye faida ya zoezi hilo: anayeijua pikipiki kwa uzito wake haiogopi inaposimama, na hofu nyingi za mwanafunzi mpya huja wakati pikipiki imesimama au inakaribia kusimama, si inapokwenda. Ni vizuri pia kujifunza mapema kwamba pikipiki iliyokwisha kulala upande wake hainyanyuliwi kwa mikono na mgongo; unaipa mgongo, unachuchumaa, unashika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha unarudi nyuma hatua ndogondogo ukitumia nguvu ya miguu.

Baada ya hapo tulikaa kwa muda mrefu kwenye klachi, yaani mpini wa mkono wa kushoto unaounganisha na kutenganisha injini na tairi la nyuma, na ninapenda kukaa hapo hata katika maandishi haya, kwa kuwa ndiko uendeshaji wote unakoanzia. Wengi hudhani klachi ina hali mbili tu, yaani kubanwa na kuachiwa. Katikati ya hali hizo kuna eneo dogo sana, labda upana wa kidole kimoja au viwili katika mwendo wa mpini, ambamo injini na tairi la nyuma zinaanza kushikana bila kufungana kabisa. Unaposikiliza vizuri unasikia mlio wa injini ukishuka na kuwa mzito, na unahisi pikipiki ikitaka kwenda hata kabla haijaondoka. Mwalimu alinikataza kuvuta mafuta. Nilipaswa kuweka gia ya kwanza, kuachia klachi taratibu hadi kwenye eneo hilo, kwenda hatua chache kwa nguvu ya injini ikiwa katika mwendo wa kupumua, kisha kuibana tena na kusimama. Tulirudia hivyo hadi vidole vya mkono wa kushoto vikauma. Ndipo akaruhusu mafuta kidogo, na kuanzia hapo injini haikuzima tena kila nilipoondoka, hata kwenye kilima, ambako unashikilia kwanza breki ya mguu, unaachia klachi hadi pikipiki ianze kuvuta, na ndipo unapoachia breki ili isirudi nyuma.

Zoezi la namba nane lilifuata. Koni zilipangwa, nami nikatakiwa nizungushe umbo la nane bila kuweka mguu chini na bila kugusa koni. Hapa ndipo niliposikia sentensi ambayo mwalimu aliirudia kuliko nyingine zote: "Dada, usiliangalie tairi. Angalia unakokwenda." Mwili hufuata macho. Ukiitazama koni unaigonga, na ukitazama chini unaanguka chini. Lakini ukigeuza kichwa mapema, kidevu kikaelekea kwenye njia ya kutokea, mikono inapeleka usukani yenyewe mahali panapotakiwa. Jambo la pili katika nane ni breki ya mguu, yaani ya nyuma. Katika mwendo mdogo mno breki ya mbele haiguswi, kwa sababu usukani ukiwa umepindwa, mguso mdogo tu unaiangusha pikipiki upande wa ndani. Unakanyaga breki ya nyuma kwa wepesi, unaacha mafuta kidogo yakiendelea, na klachi inabaki katika eneo lake la katikati. Vitu hivyo vitatu vikifanya kazi pamoja, pikipiki inatulia na kusimama wima ikiwa karibu haiendi kabisa. Ningependa kila mtu anayenunua pikipiki alazimike kufanya zoezi hili kabla ya kugusa gia ya tatu.

Kinyume chake, mwendo ukishapita kama kilomita 20 kwa saa, pikipiki haigeuki tena kwa kuzungushwa usukani kuelekea unakotaka. Ukitaka kwenda kushoto, unausukuma mbele kidogo mpini wa kushoto; tairi la mbele linaelekea kulia kwa muda mfupi usioonekana kwa macho, mwili wa pikipiki unalalia kushoto, na ndipo inapokata kona. Waendeshaji wenye uzoefu hufanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya, lakini kwangu kuelezwa kulisaidia sana, maana siku ng'ombe wanapotoka ghafla kichakani, anayejua ni mpini gani wa kusukuma ana nafasi ya kuwakwepa.

Kuhusu breki nilikuta imani moja iliyoenea, kwamba breki ya mbele ni hatari na afadhali isitumiwe. Imani hiyo inaua. Unapofunga breki uzito husogea mbele, tairi la mbele hukandamizwa ardhini na kupata mshiko zaidi, na tairi la nyuma huwa jepesi na kuanza kuteleza mapema. Kwa hiyo, kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha pikipiki iko mbele. Kinachodhuru ni kuinyakua ghafla. Unatakiwa kuibana kwa hatua, kwanza kidogo ili uzito usogee, kisha kwa nguvu inayoongezeka, huku mguu ukisaidia nyuma na pikipiki ikiwa imesimama wima, haijalala kwenye kona. Kwenye changarawe na vumbi hesabu hubadilika, na hapo breki ya mguu hubeba kazi kubwa zaidi huku ya mbele ikiguswa kwa uangalifu mkubwa. Tulizoea kusimama kutoka mwendo mbalimbali hadi nikaona kwa macho yangu kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki ishike unaongezeka takriban mara nne. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wetu mijini, unasafiri karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde hiyo ya kwanza huisha kabla kidole hakijagusa breki.

Kofia ngumu tuliivaa tangu somo la kwanza, hata tulipokuwa tukienda mwendo wa mtu atembeaye. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na mtandao wa watafiti wa afya wa Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na ule wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo ni ya kofia iliyofungwa mkanda chini ya kidevu. Ninasema hivi kwa sababu kila siku ninaona kofia iliyotundikwa kwenye kiwiko, au iliyowekwa juu ya tenki, ikingoja trafiki aonekane ndipo ivaliwe.

Sehemu ya nadharia haikunisumbua, na sidhani itamsumbua mtu yeyote aliyezoea kusoma. Alama za onyo ni pembetatu zenye ukingo mwekundu, za katazo ni duara lenye ukingo mwekundu, na za kulazimisha ni duara la bluu. Mstari mzima katikati ya barabara haupitwi, uliokatika unaweza kupitwa njia ikiwa nyeupe, na kwenye kipilefti unawapisha wanaotoka kulia kwako ambao wameshaingia. Ishara za mkono za askari zinastahili muda zaidi, kwa sababu zinatengua taa na alama zote zilizopo, na pia ishara za mkono za mwendeshaji mwenyewe, kwani indiketa za pikipiki za kazi huharibika upesi kwa mtikisiko.

Siku ya mtihani tulikutana na mkaguzi wa magari kutoka Kikosi cha Usalama Barabarani asubuhi, kukiwa na umande bado kwenye majani ya kiwanja. Alianza na maswali ya alama, kisha akanitaka niikague pikipiki mbele yake. Nilionyesha upepo na uchakavu wa matairi, nikabonyeza breki zote mbili huku nikihakikisha kwamba taa ya nyuma inawaka kwa kila moja, nikaangalia oili, taa, honi na vioo vya pembeni, na mwishowe nikauinua mnyororo kwa kidole katikati ya sehemu yake ya chini ili aone kwamba unacheza kama sentimita mbili hadi tatu. Aliniuliza kwa nini usikazwe kabisa. Nilimjibu kwamba mwendeshaji na mzigo wakikaa, springi za nyuma hushuka na mnyororo hujikaza wenyewe; ukiwa umekazwa tangu mwanzo utakula meno ya sproketi, au utakatika.

Mtihani wa vitendo ulikuwa wa nane, mstari mwembamba, kuondoka kwenye mwinuko na kusimama kwa dharura kwenye alama, kisha tukaenda barabarani yeye akifuata nyuma. Huko nilichokizingatia kuliko vyote ni kuangalia kioo na kugeuza kichwa kabla ya kuhama njia, kwa kuwa kioo cha pikipiki hakioni kila kitu kilicho ubavuni, na mkaguzi hawezi kuyaona macho yako lakini kichwa kinapogeuka anakiona. Aliporudi alisema neno moja tu, "Umefaulu," na akageukia mwanafunzi aliyefuata. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wangu, na sioni haya kuisema furaha hiyo.

Yaliyobaki yalikuwa ya ofisini: cheti cha umahiri kutoka polisi, namba ya mlipakodi, malipo, picha na alama za vidole kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo inayotoa leseni. Zingatieni daraja mnaloombea. Pikipiki yangu ina injini ya sentimita za ujazo 150, kwa hiyo nilihitaji daraja A. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo, na leseni ya gari dogo, daraja D, haikupi ruhusa ya kuendesha pikipiki hata kama umeendesha gari miaka mingi.

Masika yalipofika nilianza kuielewa thamani ya zile asubuhi za klachi. Udongo mweusi wa mabondeni kwetu ukilowa hunata kwenye tairi hadi makaranga, yaani vinundu vya tairi vinavyoshika ardhi, hayaonekani, na tairi lisilo na makaranga halishiki chochote. Hapo hakuna mwendo wa kukimbia. Unakaa gia ya kwanza au ya pili, mikono imelegea, macho yako mbele, mkono wa mafuta umetulia bila kushtuka, klachi inafanya ileile kazi ya kiwanjani. Matone ya kwanza juu ya lami nayo ni ya kuheshimiwa, kwani huinua mafuta na vumbi vilivyolala humo siku zote za kiangazi, na lami huwa ya utelezi kuliko itakavyokuwa baada ya mvua kunyesha kwa muda. Ninaporudi nyumbani ninaosha mnyororo, ninaukausha na kuupaka oili jioni hiyohiyo, hata nikiwa nimechoka.

Wanakijiji walikuwa wakiniita bibi shamba tangu nilipoanza kazi, na sasa wananitarajia siku ileile wanayopiga simu. Wenzangu wawili wa kata za jirani wameomba tufanye mazoezi pamoja Jumamosi, na mwalimu wangu amekubali kuja. Nimewaomba kila mmoja aje na kofia yake mwenyewe inayomkaa sawasawa kichwani, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali ya kitambaa kigumu, na leseni ya kujifunzia iliyokwisha kulipiwa. Tutaanza injini ikiwa imezimwa.