Pesa Iliyoingia Ardhini

Bosi amepiga simu asubuhi kutoka Nairobi, karatasi ya matumizi ikiwa mbele yake. Swali lake lilikuwa moja na la haki: mbona ofisi haijanunuliwa hata kompyuta moja ilhali pesa imeshatoka? Nikamwambia pesa iko ardhini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ifukue nione." Tulicheka, lakini najua hakuridhika. Swali lake limenikaa kichwani mchana kutwa huku nikisimamia mafundi.

Tunafungua tawi Kisumu, kwenye jengo la ghorofa moja karibu na Oginga Odinga Street. Kazi yetu ni kuweka hesabu za vyama vya ushirika na vikundi vya akiba: wakulima wa mpunga wa Ahero, wa miwa wa Muhoroni, akina mama wa Vihiga na Siaya. Hadi sasa watu hawa wamekuwa wakisafirisha vitabu vyao hadi Nairobi, na kuna mama mmoja ambaye hupakata daftari lake ndani ya basi usiku kucha. Sasa ofisi inawafuata wao, na mimi ndiye niliyetumwa kuhakikisha kwamba siku ya kufungua mlango kila kitu kinawaka.

Kuwaka si kazi. Kazi huku ni radi.

Aliyelelewa kando ya ziwa hahitaji maelezo. Mchana upepo hutoka ziwani ukaingia nchi kavu, ukakutana na ule wa mashariki, mawingu yakajazana kuelekea milima ya Nandi na Kericho, na alasiri mbingu ikaanza kunguruma. Usiku upepo hugeuka, dhoruba ikahamia ziwani, huko ambako wavuvi ndio wanaoijua vizuri. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mtu wa Nairobi akipanga ofisi huanza na intaneti. Huku, ukianza na intaneti, umeitengenezea radi mlango.

Kwa hiyo nilianza na athi, yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Soketi zote za jengo zina matundu matatu, na mpangaji aliyetutangulia alizitumia miaka yote bila kushuku chochote. Fundi alipozifungua alikuta waya wa kijani na manjano umekazwa vizuri nyuma ya kila moja. Tukaufuata hadi kwenye boksi kuu la stima, tukatoka nao nje ukutani, na pale ukaishia hewani, ncha yake imepinda juu ya nyasi, bila fimbo ya kuushikisha na ardhi. Jaduong', mzee anayelinda jengo, alitutazama tukiduwaa.

"Nyathina, mwanangu, hiyo fimbo iliondoka na watu wa vyuma kuukuu zamani sana," akasema. "Stima ilikuwa bado inakuja, basi hakuna aliyeuliza."

Hakuna aliyeuliza kwa sababu taa huwaka bila athi, simu huchaji bila athi, hata redio huimba. Athi haikupi kitu chochote unachoweza kumwonyesha mgeni. Ndiyo maana ni ya mwisho katika kila bajeti, na ndiyo maana nilimpa bosi jibu lililomfanya acheke badala ya kumweleza yote haya kwenye simu.

Tukapigilia fimbo mpya ya shaba, fundi akaleta mita yake. Mita hiyo hupima jinsi ardhi inavyoukinza umeme, na mafundi wa kinga ya radi kwa kawaida hulenga ohm 10 au chini ya hapo. Fimbo moja peke yake haikukaribia. Udongo mweusi una tabia yake: ukilowa hupitisha umeme vizuri, ukikauka hupasuka na kuiacha fimbo imezungukwa na hewa. Fundi alitaka tupime kesho yake mvua ikishanyesha. Nikakataa, maana kipimo cha siku ya mvua ni cha kujifurahisha. Tukaongeza fimbo nyingine, tukaziachia nafasi kati yake na kuziunganisha kwa waya mnene, hadi mita ikasema tulichotaka kusikia kwenye udongo mkavu. Kisha ndipo tukafunga kwenye boksi kuu kile kifaa cha kuudaka umeme unaoruka ghafla na kuutupa ardhini. Bila athi hakina pa kuutupa. Nimeona ofisi nyingi zenye ekstensheni za bei ghali, taa yake ndogo nyekundu ikiwaka kwa majivuno, zimechomekwa kwenye soketi isiyokwenda ardhini.

Faiba ya intaneti nayo ilikuja na mambo yake. Uzi wenyewe ni wa kioo, unapitisha mwanga, na radi haina shughuli nao. Lakini kebo inayotoka kwenye nguzo hadi dirishani hubebwa na waya wa chuma, na vijana waliokuja kuifunga waliuvuta huo waya hadi kwenye fremu ya dirisha, mkono mmoja tu kutoka kwenye kabati ya mitambo. Nikawaomba waukate na kuufungia nje.

"Madam, kwani hii ina stima?" mmoja akauliza.

"Haina. Mpaka siku itakapokuwa nayo."

Akanitazama hivi, akapanda ngazi. Hata stoo iliyo ng'ambo ya ua nimeiunganisha kwa faiba ingawa kebo ya kawaida ya shaba ingefika bila shida. Kebo hiyo mwisho wake ni mita 100, na stoo iko karibu sana. Shaba kati ya majengo mawili ndiyo njia ya mkato ambayo radi huipenda, kwa sababu ardhi ya hapa na ardhi ya pale hazilingani umeme dakika ile inapopiga.

Kuhusu kebo za ndani, tulirudisha boksi zima dukani. Lilikuwa la bei nzuri mno, na fundi alipolinyanyua tu alishuku wepesi wake. Mwanafunzi wake, binti mdogo aliyemaliza chuo cha ufundi juzi, akachomoa wembe mfukoni, akakwangua uzi mmoja. Juu shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa. Wiki ya kwanza kebo kama hiyo hubeba data bila kulalamika, lakini kamera zetu na vifaa vya Wi-Fi hupata umeme wao kupitia kebo ileile, na alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, ikapata joto, na ukiikunja mara mbili tatu inakatika. Iliyokuja baadaye ilikuwa nzito. Binti akaketi sakafuni, akaanza kubana vichwa vya kebo huku akiimba rangi za nyaya zake kama mtoto wa chekechea: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hakukosea hata kimoja. Fundi wake ndiye aliyerudia viwili.

Njia ya pili ya intaneti ndiyo iliyotugombanisha, mimi na bosi, wiki nzima. Yeye alitaka tulipie kampuni mbili za faiba ili moja ikizimika nyingine ishike. Nikatoka nje nikahesabu nguzo. Kampuni zote mbili zimetundika kebo kwenye nguzo ileile ya kona, ile ambayo matatu hupaki karibu nayo mno. Lori likiigonga, tumelipa mara mbili kukaa gizani. Na hata zikipita njia tofauti mjini, mbele huko zaweza kukutana tena baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM, kebo za intaneti zinazopita chini ya bahari, zilikatika siku moja kwenye pwani ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikakwama Kenya na kwa majirani zetu. Kuwa na mikataba miwili hakukumsaidia mtu ambaye mikataba yote ilitegemea kebo hizo. Tumekubaliana kwenye faiba moja na rauta ya laini ya simu, antena ikitazama mnara ulio upande mwingine wa mji. Si kinga kamili. Stima ikipotea muda mrefu, minara nayo huishi kwa betri na jenereta.

Stima yenyewe sitaizungumzia sana. Nimeweka UPS ndogo, kisanduku cha betri kinachoshika stima ikikatika, kwa ajili ya rauta, swichi na kisanduku cha faiba tu. Betri yake ni ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Vifaa hivyo vitatu vikivuta wati 30 hivi, vinaweza kukaa saa moja na zaidi. Ukiongeza kompyuta ya mezani na skrini yake, umeshamaliza kabla chai haijapoa. Laptopu zina betri zake. Printa ya leza nimeipigia marufuku kabisa kugusa UPS, kwa sababu inapojipasha moto huvuta umeme kama kilowati nzima. Kabati pia nimeihamisha kutoka chini ya ngazi, ambako ukuta hupigwa na jua la jioni. Betri hizi hupenda nyuzi joto 25, na inasemekana kila nyuzi 10 juu ya hapo hupunguza umri wake kwa nusu. Januari ya Kisumu haijui nyuzi 25 za mchana.

Jioni hii, mafundi wakiwa wameshakusanya vyombo, mama wa duka la dawa hapa chini alipanda ngazi taratibu. Alitaka kuona picha za kamera ya mlangoni. Nikamwonyesha. Kumbe inachukua mlango wetu, ngazi, na kaunta yake nzima, wateja wanaonunua dawa wakionekana nyuso zao.

"Binti yangu, watu huja kwangu na mambo yao," akasema. "Hilo jicho lako ligeuze."

Hakutaja sheria yoyote, ingawa ipo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni data yake sawa na jina lake. Nimeiinamisha kamera hadi inaona mkeka wetu na miguu ya anayebisha hodi. Mama amesema sasa sawa, akaniuzia dawa ya mbu kwa punguzo. Kesho nampigia bosi kuhusu kompyuta.