Namna Nilivyowachagulia Wanangu Bembea Zinazowafaa

Kila niliyemtaka ushauri kabla ya likizo ya Agosti, kuhusu mashine ambazo wanangu wangepanda kwenye viwanja vya burudani, aliniuliza swali moja tu: watoto wana umri gani? Nilipojibu kwamba kitindamimba ana miaka 6, wa kati 9 na kifunguamimba 12, aliziainisha mara moja mashine hizo mithili ya mchuuzi wa soko la Gikomba anayetenga mitumba, hizi za wadogo, hizi za wakubwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Ushauri huo uliniudhi wakati ule na unaniudhi hadi leo, kwa sababu umri hauwezi kumzuia mtoto asiteleze kitini. Kiti, mkanda na chuma cha kubana mapaja vimepimwa kwa mwili wa kimo fulani, na ndiyo maana ubao ulio kwenye lango la mashine huonyesha sentimita. Watoto wawili wa darasa moja wanaweza kupishana kwa kichwa kizima, hata mmoja akastahili kupanda na mwenzake asistahili.

Ushauri mbaya kuliko wote ulitoka kwa shemeji yangu, mtu ninayempenda na kumheshimu, aliyenihakikishia kwamba mradi mtoto ameketi na mtu mzima, anaweza kupanda chochote. Tulifika katika kiwanja ambacho sitakitaja, na kitindamimba akaililia ile meli kubwa inayoyumba mbele na nyuma. Kijana wa zamu hakumpima. Alituelekeza tu tukae pamoja, akashusha chuma kimoja kirefu kilichotukinga sote wawili. Chuma kile kilisimama kilipogusa mapaja yangu. Nilitazama upande wa mwanangu nikaona nafasi ambayo ningeweza kupitisha mkoba wangu wote, kwa maana chuma cha pamoja hukomea kwenye mwili mkubwa zaidi, na mdogo hubaki hana kinachomshika isipokuwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo kuwapo kwangu hakukumlinda, bali ndiko kulikomweka hatarini. Nikapaza sauti, "Fungua, kijana, mtoto ashuke!" Naye akanijibu kwa upole, "Mama, mkumbatie tu, si safari ndefu." Sikukubali. Watu waliokwisha kukaa walinung'unika, mwanangu alilia kwa uchungu, na pesa za tiketi hazikurudishwa, lakini tulishuka kabla mashine haijaanza, na ningefanya vivyo hivyo tena leo mbele ya umati mkubwa zaidi.

Baada ya siku hiyo niliacha kuuliza watu, nikaanza kuwachunguza watoto wenyewe. Niliwapima ukutani wakiwa wamevaa viatu watakavyovaa siku ya matembezi, nikikandamiza rula hadi ifike kwenye fuvu, kwa sababu kifundo cha nywele juu ya kichwa kinaweza kumwongezea mtoto sentimita ambazo mwili wake hauna.

Kimo hukueleza kama mtoto anaweza kupanda, lakini hakikwambii kama atafurahi. Hapo ndipo nilipobuni mbinu ambayo nimeieleza kwa kila mzazi wa mtaa wetu. Mashine hizi zote hufanya mambo machache tu: huzungusha, huyumbisha, huangusha au huinua juu sana, na karibu kila moja ya hali hizo inaweza kujaribiwa hapa Nairobi bila kununua tiketi ya bei ghali. Kuzungushwa tulikujaribu nyumbani kwa kiti cha ofisi chenye magurudumu. Wa kati alizunguka kidogo tu akawa mweupe, akaomba maji. Kichefuchefu cha namna hiyo hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo usiolingana na ule ambao macho yanauona, na watoto wa umri wa shule husumbuliwa nacho kuliko watu wazima. Kuyumba tulikujaribu kwenye bembea ya mtaani, na hakuna aliyelalamika.

Kwa urefu, niliwapandisha juu ya KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la hapa Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1973, lenye kimo cha mita 105 na ghorofa 28, ambako wageni huruhusiwa kuutazama mji kwa ada ya kiasi. Nilikuwa na hakika kwamba kifunguamimba, aliyekuwa amejigamba tangu asubuhi, angekimbilia ukingoni, na kitindamimba angening'ang'ania sketi. Mambo yakawa kinyume kabisa. Yule mdogo alionyesha bustani ya Uhuru Park kwa kidole na kuuliza maswali yasiyoisha, huku kaka yake akishikilia ukuta wa ndani. Sikuruhusu mtu amcheke. Ingekuwa ni kufuata umri, mkubwa ndiye ningempeleka kwenye gurudumu kubwa la kubeba watu lililoko jumba la maduka la Two Rivers, ambalo hufika takribani mita 60, na mdogo ningemwacha chini.

Kwa kuwa kifunguamimba wangu hupenda tarakimu, nilimweleza kwamba gurudumu la kwanza la aina hiyo lilijengwa na George Ferris kwa maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, nalo lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi. Nikamfafanulia kwamba kibanda cha abiria huning'inia ili uzito wake wenyewe ukiweke wima, na kwamba gurudumu linaposimama ukiwa juu halijaharibika, bali watu wengine wanapanda na kushuka chini. Kusimama huko ndiko kunakowatisha wengi wasiojua sababu yake. Tulisimama tukaliangalia likizunguka hadi akasema mwenyewe, "Mama, sasa naweza." Alipanda, akashuka akitaka kurudia.

Kiti nacho kina maana kubwa. Kwenye meli ya kuyumba, viti vya ncha zote mbili hurushwa juu sana na vya katikati huenda taratibu, basi mtoto aliyefikia kimo lakini bado ana wasiwasi aanzie katikati. Kwenye mashine zinazozunguka kwa kasi watu wakiwa ubavu kwa ubavu, mkubwa aketi upande wa nje, la sivyo atasukumwa na mzunguko amwelemee mdogo. Wa kati, ambaye mzunguko humwangusha, tulimwachia magari ya kugongana, na hakujuta.

Chakula tulikula baada ya michezo yote. Mkienda, nendeni siku ya kazi asubuhi wakati wa likizo, maana Jumamosi foleni humaliza uvumilivu wa watoto kabla hawajapanda chochote, na kijana wa zamu aliyeelemewa na foleni hana muda wa kumpima mtoto wako.