Sekunde Moja, Mstari Mmoja

Mradi wangu wa mwisho katika masomo ya usanifu wa michoro ni kitabu kisicho na picha hata moja. Matini yake ni mazungumzo ya simu ya dakika 20 kati ya dada na mdogo wake wa kiume, yaliyorekodiwa kwa ridhaa yao wote wawili, siku ambayo mtandao ulikuwa ukikatika na kurudi. Nilitaka msomaji aone kwa macho yale ambayo sikio linayapata bila jitihada: nani anazungumza kwa kasi, nani anasita, wapi wanapokatizana, na ukimya unadumu kwa muda gani.

Jambo la kwanza nililolikataa ni kukuza herufi pale sauti inapopanda. Ni njia inayomjia kila mwanafunzi anapoambiwa afanye majaribio ya taipografia, yaani sanaa ya kupanga herufi, nami naiona rahisi mno, kwa kuwa inamwamulia msomaji hisia kabla hajayasoma maneno yenyewe. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni kwamba matini yote ya mazungumzo itatumia fonti moja, ukubwa wa pointi 9 (pointi ni kipimo cha wachapaji, takriban milimita 0.35), na mistari iliyoachana kwa pointi 12. Kitakachobadilika ni mahali herufi zinapokaa tu.

Kanuni ya pili ndiyo iliyokizaa kitabu: kila mstari ni sekunde moja. Maneno yote yaliyoanza kutamkwa ndani ya sekunde hiyo hukaa kwenye mstari wake, na sekunde isiyo na neno huachwa tupu. Dada yuko ukurasa wa kushoto, mdogo wake ukurasa wa kulia, na kwa kuwa mistari ya kurasa zote mbili imelingana, wanapozungumza kwa wakati mmoja maneno yao hukaa usawa mmoja. Mdogo anauliza, "Dada, unanisikia?" huku upande wa pili, kwenye mstari uleule, dada ameshaanza, "Nakusikia, sema." Sikuhitaji majina ya wasemaji, alama za nukta nukta, wala maelezo ya mabano.

Hesabu nayo ilikubali kuliko nilivyotarajia. Ukurasa wa A5 una urefu wa milimita 210. Mistari 40 ya pointi 12 inachukua takriban milimita 169, na inayobaki inatosha pambizo za juu na chini. Sekunde 1,200 zikigawanywa kwa 40 zinahitaji jozi 30 za kurasa zinazotazamana, yaani kurasa 60. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, hivyo mafungu manne yanatoa kurasa 64, na hizo nne za ziada zinatosha jina la kitabu mwanzoni na taarifa za uchapaji mwishoni.

Kilichonichukulia muda mrefu zaidi ni kuilinda nafasi tupu. Ikiwa weupe ndio ukimya, basi weupe wowote uliojitokeza kwa sababu nyingine utakuwa uongo. Ndiyo maana matini imesawazishwa upande wa kushoto pekee; programu ikiachiwa kunyoosha pande zote mbili, hutawanya maneno na kuacha mianya ambayo msomaji wangu angeidhania kusita. Ndiyo maana pia hakuna neno linalokatwa kwa kistari. Kiswahili kina maneno marefu, na "nitakapokupigia" peke yake lina herufi 15, lakini katika kitabu hiki neno hukatika pale tu mtandao ulipolikata. Hata karatasi iliingia katika hoja hii: kwenye karatasi nyembamba, maandishi ya upande wa nyuma huonekana kama kivuli mahali palipopaswa kuwa tupu, kwa hiyo nilichagua karatasi nzito ya gramu 120 kwa mita ya mraba, isiyong'aa.

Fonti niliichagua kwa kuitazama herufi "a", kwa kuwa ndiyo inayojirudia zaidi katika Kiswahili. Niliitaka ile yenye kikonyo juu na tumbo chini, kwa sababu ile ya duara tupu, katika pointi 9, hukaribiana mno na "o".

Si kwamba nimevumbua jambo. Mshairi Mfaransa Stéphane Mallarmé alilitawanya shairi lake katika nafasi ya ukurasa mwaka 1897, na mwaka 1964 msanifu wa vitabu Massin, akiisanifu tamthilia ya Eugène Ionesco mjini Paris, alimpa kila mhusika aina yake ya herufi. Nilimfikiria Massin sana nilipoamua kutotumia fonti mbili: kwake wahusika ni wengi na wanazunguka ukurasani, ilhali kwangu ni wawili na kila mmoja ana ukurasa wake. Upande mwingine yuko Beatrice Warde, mwandishi wa masuala ya taipografia, ambaye mwaka 1930 aliwaambia wachapaji wa Uingereza kwamba taipografia njema ni kama bilauri ya kioo, inayokuonyesha kinywaji bila kujionyesha yenyewe. Mwalimu wangu alinikumbusha hoja hiyo akitegemea nitaipinga. Siipingi. Naona tu kwamba katika mazungumzo ya simu muda nao ni sehemu ya kinywaji.

Ufungaji hauna mjadala: kitabu kitashonwa kwa uzi. Kikigundishwa mgongoni hakitafunguka kikalala, na jicho linalovuka kutoka kwa dada kwenda kwa mdogo wake litapoteza mstari.

Kilichobaki ni namba za kurasa. Nilikuwa nimeweka dakika na sekunde mahali pake, lakini mwalimu alisema, kwa haki kabisa, kwamba mtu anayetaka kumwelekeza mwenzake kwenye ukurasa fulani hatazungumza kwa sekunde. Kwa sasa saa ya mazungumzo iko kona ya nje ya kila ukurasa, na namba ya ukurasa iko chini karibu na mkunjo, kwa pointi 6. Nikishachapa nakala ya majaribio nitawapa wanafunzi wenzangu bila maelezo yoyote, nione ni ipi kati ya hizo mbili wanayoitumia.