Pochi ya Mama

Mama yangu alipoanza kupoteza uwezo wa kuona, alikuwa bado akiuza sambaza, samaki wadogo, katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, na wengi sokoni walidhani ana mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji. Haikuwa hivyo. Daktari alitueleza kwamba ni glakoma, presha ya ndani ya jicho iliyokwisha kuharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, na kwamba matone yangelinda kilichobaki bila kurudisha kilichopotea. Ugonjwa huo mara nyingi huanza kula pembeni: Mama aliweza kumtambua mteja aliyesimama mbele yake, kisha akajikwaa kwenye beseni lililokuwa kando ya mguu wake, na watu wakamwona mzembe.

Fedha ndizo zilizomsumbua zaidi, kwa kuwa faranga zilizochakaa hufanana jioni, na dola zote za Marekani zina ukubwa mmoja. Kwa hiyo akajiwekea utaratibu: noti ya 500 aliiacha wazi, ya 1.000 aliikunja mara moja, ya 5.000 mara mbili, na dola aliziviringisha. Mkono wake ukiingia pochini, chenji ilitoka upesi kuliko kwangu mimi ninayeona.

Alasiri moja Yaya, ndugu yangu mkubwa, alikuja kumsalimia, na Mama alipokuwa akimpimia mteja samaki, akaichukua ile pochi, akanyoosha noti zote na kuzipanga, kubwa nyuma, ndogo mbele. Alifanya kwa upendo, ingawa mpaka leo naona kwamba upendo wa namna hiyo ulimchosha Mama kuliko matone yaliyomwasha macho.

Mama akapapasa noti, akapapasa tena.

“Nani ameshika pochi yangu?”

“Ni mimi, Mama, nilikuwa ninakusaidia.”

“Ungeniuliza kwanza, mwanangu.”

Akazimwaga fedha zote mapajani, akaniagiza nimsomee moja moja, akazikunja upya mwenyewe huku mteja akinung'unika kwamba mvua inakuja. Alipofika kwenye dola, alipitisha kidole ukingoni mwa kila noti, akaishia kwenye ya 20 iliyokuwa na mpasuko mdogo ambao hata mimi sikuuona. Dola iliyopasuka, hata kidogo, wafanyabiashara wetu huikataa.

“Hii si yangu,” alisema. “Nisingeipokea.”

Yaya akakiri kwamba ilikuwa zawadi yake, aliyoichomeka humo kimyakimya, na Mama akamrudishia, akamwomba alete nzima.